Tovuti ya lugha nne: anza na Kiarabu

Mwaka jana niliombwa kuisuka upya tovuti ya mradi wetu wa programu huria, programu ndogo ya kuendesha maktaba za shule na madrasa. Tovuti ina lugha nne: Kiingereza, Kiswahili, Kifaransa na Kiarabu. Nami, niseme ukweli, nilianza na rangi. Wiki mbili nzima nilihangaika na rangi na picha ya ukurasa wa mbele, kila kitu kwa Kiingereza, nikijiambia kuwa tafsiri ni ya kubandika mwishoni.

Siku ya kubandika ilinitoa jasho. Menyu iliyokaa sawa kwa Kiingereza ilimwagika hadi mstari wa pili, maana "Mipangilio" na "Wasiliana nasi" hayakupata pa kukaa. Kifaransa vivyo hivyo. Kwa Kiarabu maandishi yalianzia kulia kama yatakiwavyo, lakini mishale na vitufe vilibaki vimeangalia upande mwingine, kama abiria aliyepakiwa kinyume kwenye matatu. Nikafuta nikaanza upya, safari hii kwa Kiarabu. Ukifanya hivyo, utalazimika tangu mwanzo kupanga nafasi za pembeni kwa margin-inline-start (upande mstari unapoanzia) badala ya margin-left (kushoto), na kivinjari kitajua chenyewe mstari unaanzia wapi. Kiingereza hakitakusumbua baadaye.

Bendera usiziweke kwenye orodha ya lugha. Kiswahili utakipa ya Kenya au ya Tanzania? Andika jina la lugha kwa lugha yenyewe, basi.

Kilichonila muda zaidi ni sentensi za kuungaunga. Ukurasa wa kupakua ulikuwa unachukua nambari, unaongeza jina la kitu, kisha unamalizia na neno moja lile lile la kusema kipo. Kiingereza kinavumilia. Sisi tuna ngeli: toleo linapatikana, mwongozo unapatikana, kiongezi kinapatikana, viongezi vinapatikana. Tovuti yetu ikatangaza kwamba "miongozo 3 kinapatikana", na mtoto wa darasa la pili angetucheka. Mpe mtafsiri sentensi nzima kwa kila kitu, hata kama msimbo utarefuka. Na wingi uachie faili za gettext, zana ya kutafsiria programu: Kiswahili kina namna mbili, Kiarabu kina sita. Anayeandika kwenye msimbo "ikiwa ni 1, vinginevyo wingi" amekwishamfungia mlango mtafsiri wa Kiarabu.

Maneno yenyewe nayo yana mitego. Ukurasa wa mbele tuliandika "Programu ya bure". Nikamwonyesha maalim mmoja anayetunza maktaba ya madrasa Mji wa Kale, Mombasa. Akavua miwani.

"Mwanangu, mbona mwajitia aibu wenyewe? Kitu cha bure si ndicho kisicho na maana?"

Nilicheka, lakini alinipata. Bure ni bila malipo, na pia ni bila faida. Mtu huenda Marikiti bure, akarudi na kikapu kitupu. Isitoshe, kiini cha mradi si bei, ni ruhusa ya kuusoma msimbo, kuubadilisha na kumpa mwingine. Tukaandika "programu huria", na chini yake: "Itumie, ibadilishe, mpe mwenzio. Hulipi kitu."

Ubishi wa Kimvita, lahaja ya Mombasa, na Kiswahili sanifu pia haukukosekana. Mkutano wa 1928 ulioamua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa sanifu ulifanyika hapa hapa Mombasa, na kuna wazee ambao bado wana kinyongo. Mtafsiri wetu mmoja alitaka tuwakaribishe wachangiaji kwa "ndoo" badala ya "njoo". Kwa masikio yangu ni tamu, ila msomaji wa Dodoma angedhani tunagawa vyombo vya maji. Sanifu ikashinda.

Kurasa ambazo hazijatafsiriwa usizifiche. Zionyeshe kwa Kiingereza, na juu yake weka kiungo cha kumpeleka msomaji moja kwa moja mahali pa kutafsiri. Anwani za zamani zielekeze kwenye mpya, la sivyo viungo vya watu vitakufa. Kisha ijaribu tovuti kwa simu ya bei nafuu na bando la kubahatisha, ukiwa umesimama kwenye feri ya Likoni. Ile picha yangu ya wiki mbili niliiondoa hapo hapo.

Tulipozindua, nilidhani tumemaliza. Kikao cha wachangiaji kilikuwa 20:00, na tovuti ikajigeuzia yenyewe kwa Kiswahili: "saa 8:00 usiku". Maalim akanipigia.

"Saa nane usiku, mwanangu? Mwatuita kwenye kikao au kwenye sala ya tahajudi?"

Sasa saa za Kiswahili tunaziandika kwa mkono.