Unataka kufanya kesi za mazingira na za walaji? Anza na daftari la majina

Kila wakiapishwa mawakili wapya napata meseji za vijana, shikamoo kaka, nimeshapata namba yangu ya uwakili, nataka kufanya kesi za mazingira na kesi za walaji, nianzie wapi. Ukimhoji kidogo unakuta kasoma habari za Marekani, ile kesi ya mji wa Hinkley kule California ambapo mwaka 1996 kampuni ya PG&E ilikubali kuwalipa wakazi dola milioni 333 kwa ajili ya kromiamu iliyoingia kwenye maji ya visima, na wakili kule anakula asilimia ya kinachopatikana, basi kijana kashapiga hesabu anaiona Prado. Sawa, ndoto hazilipiwi kodi. Mimi nipo Kigoma, ofisi yangu ipo Mwanga juu ya duka la vipodozi, na kesi za watu wengi nimezifanya za kutosha, kwa hiyo nikwambie kazi yenyewe ilivyo huku kwetu.

Kazi ni majina. Yaani sheria utaisoma, haikimbii, lakini kesi ya watu mia mbili inakufa kwenye majina kabla hata jaji hajauliza kiwanda kilimwaga nini.

Marekani wana Kanuni ya 23, mahakama ikishakubali kuwa hili ni kundi, mtu mmoja anasimamia wote, na kwenye madai ya fidia ambaye hataki kuwemo ndiye anayejitoa. Kwetu kuna Amri ya I kanuni ya 8 kwenye Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, sura ya 33. Unaanza kwa kuomba ruhusa ya mahakama, wahusika wanapewa taarifa, ama mmoja mmoja ama kwa tangazo, na hapo ndipo mtu mmoja au wawili wanaruhusiwa kuwakilisha wenzao. Soma uamuzi wa Mahakama ya Rufani kwenye ombi la K.J. Motors, namba 74 la 1999, wanaeleza kwa nini ruhusa ni lazima: hao unaosema unawawakilisha wanaweza kuwa wameshakufa, au hawapo kabisa, au ni wa kubuni, au wapo ila hawajakutuma. Wakili wa upande wa pili kazi yake ya kwanza ni kuchukua orodha yako na kuhangaika na hicho tu.

Na orodha za huku zina vituko vyake. Mtu kwenye muhtasari wa mkutano kajiandikisha Mama Fulani, kitambulisho cha NIDA kina jina la ubatizo, risiti ya duka ina jina la mumewe, na mtaani wote wanamfahamu kwa jina la Kiha alilopewa na bibi yake. Kwako ni mtu mmoja, kwenye faili ni watu wanne. Kwa hiyo nunua daftari kubwa la kaunta, chora safu mwenyewe kwa rula, jina la kwenye kitambulisho, namba ya kitambulisho, jina wanalomwita, kitongoji, simu, simu ya ndugu, sahihi au dole gumba, na pembeni uache nafasi ya "ameumiaje" maana hiyo ndiyo watu wanasahau. Mwenyekiti wa kijiji akikuletea orodha iliyochapwa vizuri na imegongwa muhuri mshukuru halafu anza upya na daftari lako, mimi orodha iliyoletwa tayari siiamini.

Wavuvi ndio shughuli. Leo yupo Kibirizi, wiki ijayo kahamia Kagunga kwenye mpaka wa Burundi au kashuka Buhingu huko kusini. Usiitishe mkutano giza la mwezi, hutampata mtu, wote wapo ziwani na taa zao wanatafuta dagaa na migebuka. Subiri mbalamwezi, dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala, watu wapo nyumbani wanashona nyavu na wana muda wa kukusikiliza hadi mwisho. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024 niliwaambia vijana wangu, hii miezi mitatu ndiyo ya kukusanya sahihi, ikipita tutawafuata kwa boti.

Sasa ushahidi. Kwenye kesi za walaji nikupe mfano wa mabati, kwa sababu ndiyo niliyoiona kwa karibu. Watu wa kata moja walinunua mabati yaliyogongwa geji 28, msimu mmoja wa mvua yakaanza kupinda na kutoboka kwenye misumari. Kwenye geji namba ikipanda bati linakuwa jembamba, kwa hiyo ukiuziwa 30 kwa jina la 28 umeibiwa na huwezi kuona kwa macho. Fundi mmoja akaja na maikromita, tukakaa kibarazani tunapima bati moja baada ya jingine, na akatufundisha kitu ambacho sikukijua, kwamba bati la rangi ukilipima hivi hivi rangi nayo inahesabika, inabidi ukwangue kidogo pande zote mbili mpaka uone chuma ndiyo uweke maikromita. Vipimo vyetu vilikuwa vya kutupa moyo tu, vya kupeleka mbele ni vya TBS, shirika la viwango. Sheria ipo, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu ubora wa bidhaa na Tume ya Ushindani inapokea malalamiko, tatizo likaja kwenye risiti. Zaidi ya nusu hawakuwa nazo! Wengine waliambiwa ukitaka risiti bei inapanda, wengine waliitumia kuwashia mkaa. Tulichofanya ni kuchimba meseji za malipo ya simu, jina la wakala, tarehe, kiasi, na kumtafuta dereva wa bajaji aliyebeba mabati. Waliokuwa hawana hata hicho tuliwaacha nje ya kesi, na wapo wasionisalimia mpaka leo. Kuwa tayari kwa hilo, ukimwingiza mtu asiye na ushahidi kwa huruma anawazamisha na wenye nao.

Za mazingira zina tabu nyingine. Kijito kimebadilika rangi, samaki wanaelea, watoto wanajikuna, na wewe umefika na chupa ya maji ya Uhai uliyokunywa njiani unataka kuchota. Acha! Ukichota mwenyewe umegeuka shahidi, na huwezi kuwa shahidi na wakili kwenye kesi moja. Andika barua ofisi ya bonde, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika ipo hapa hapa Kigoma, andika na NEMC, baraza la mazingira, waje wachukue sampuli wao, juu ya bomba la kiwanda maji yanakotoka na chini yake yanakokwenda, siku hiyo hiyo, chupa zifungwe, ziandikwe, na kila mkono unaopokea usaini, mpaka zifike maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Sampuli ya chini peke yake haina maana, watasema uchafu ulitoka huko juu kwa wakulima. Na fanya hivyo kiangazi, masika maji yanakuwa mengi uchafu unapungua nguvu halafu ripoti inakuja safi wewe unabaki unashangaa.

Kisheria una pa kusimama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kifungu cha 4 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, cha 5 kinamruhusu kushtaki. Na tulishapita huko kabla ya sheria hiyo, wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar kwa ajili ya dampo kwenye kesi ya 1988 (Joseph Kessy na wenzake) wakashinda mbele ya Jaji Lugakingira kwa kutumia haki ya kuishi, ibara ya 14 ya Katiba. Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani, na huko nako Festo Balegele na wenzake 749 wakaenda mahakamani 1991 wakashinda pia. Hapo mimi huwa najiuliza, kushinda ni nini kama lori linageuza tu njia? Ndiyo maana kwenye maombi siandiki "waache" peke yake, naandika na wapeleke wapi, kwa utaratibu gani, na nani akague.

Ya tarehe ni mafupi ila yanaua: mwisho wa kufungua kesi ya madhara ya aina hii ni miaka mitatu, ya mkataba sita. Ukiishtaki serikali toa notisi ya siku 90 kwanza, na tangu 2020 halmashauri nazo zimo kwenye utaratibu huo, unamuunganisha Mwanasheria Mkuu na unaenda Mahakama Kuu. Angalau sasa Mahakama Kuu ipo Kigoma, zamani ilikuwa unapanda treni na mafaili unaenda Tabora, na treni ikichelewa kesi imeitwa hupo. Kesi za haki za kikatiba nazo, mwaka huo huo wa 2020 sheria ilibadilishwa ikamtaka mleta shauri aonyeshe yeye mwenyewe ameathirika vipi. Turudi kwenye daftari, ile safu ya pembeni ya "ameumiaje".

Hela. Hizi kesi hazitakulisha mwaka wa kwanza wala wa pili. Fanya mirathi, fanya ardhi, andika mikataba, hizo zilipe kodi ya ofisi. Kesi kubwa usiibebe peke yako, wapo LEAT, timu ya wanasheria wa mazingira, ambao wamebobea kwenye mazingira tangu miaka ya tisini, wapo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya 2017 ambao wanazijua nyumba zote kijijini kuliko wewe. Wataalamu wa maabara wanalipwa kabla ya kesi, sio baada, hiyo pesa itafute kabla hujafungua jalada.

Mwisho kuna bahasha. Upande wa pili hawaji kwako, wanaenda usiku kwa mwenyekiti wa kamati ya wateja wako. Kwa hiyo siku ya kusaini makubaliano ya uwakili andikeni kabisa kuwa hakuna anayemalizana peke yake, ofa yoyote inasomwa mkutanoni kwa sauti, na kamati haigusi fidia. Fidia ikija iende kwa kila mtu kwenye namba yake ya simu au akaunti kwa jina la kwenye kitambulisho, na aliyefariki iende kwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama mtoto mkubwa anakulilia mlangoni na unamjua tangu shule ya msingi.