Piano ya kweli haiji na flashi

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga kinanda kwenye kwaya yetu hapa Makorora, Tanga, natumia Yamaha PSR-E373. Piano yake kwenye spika za kanisa inasikika nyembamba mno. Kuna mtu anauza moduli ya Roland SC-55, kile kisanduku cha sauti kisicho na vibonye unachokiunganisha na kinanda, anasema ina sauti zaidi ya 300. Fundi mwingine anataka laki moja na nusu aniwekee piano ya GB 4 kwa flashi. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo laki na nusu usiitoe, nakuomba sana. E373 haina hata tundu la kuchomeka flashi, ina tundu la USB la kuiunganisha na kompyuta basi, na sauti zake zimeshachomwa humo ndani tangu kiwandani hazibadilishwi. Atakachofanya huyo bwana ni kukuingizia staili mbili tatu, yaani midundo ya kusindikiza, akuzidishie riveb na kupandisha ekwalaiza, wewe ukisikia mwangwi unadhani ndiyo piano mpya. Vinanda vya kupakia sauti mpya vipo, kama PSR-SX900, lakini kwako hapo hamna pa kuiweka hiyo GB 4.

Hili linaniuma kwa sababu naletewa kazi za namna hii kila mara. Kijana mmoja alikuja na kinanda "kilichowekewa piano", pesa ya mchango wa kwaya imekwenda. Nikamwambia shika noti moja ya katikati, kanyaga pedali, nyamaza usikilize. Sekunde mbili ikalia vizuri, kisha ikawa mmmm moja isiyobadilika kama friji, mpaka ikafifia. Waya wa piano haufanyi hivyo, unapozimika sauti inabadilika rangi, inalegea, inatikisika kidogo. Pale ndani kuna kipande kifupi cha rekodi kinazungushwa tu. Nikamwambia gonga noti hiyohiyo taratibu halafu kwa nguvu. Ikapanda kelele, rangi ileile. Piano yenyewe ukiigonga kwa nguvu inang'aa na kuwa kali, ndiyo maana moduli nzuri inabeba rekodi kadhaa za kila noti, ya kugongwa pole mpaka ya kugongwa kwa hasira.

Kwa hiyo habari za "sauti 300" au "GB 4" zisikubabaishe. Hiyo SC-55 ni ya mwaka 1991, ilikuwa mashine ya maana enzi zake, lakini haiwezi kuliza zaidi ya noti 24 kwa wakati mmoja, ukikanyaga pedali na kupiga kodi nene, yaani noti nyingi kwa pamoja, zile za mwanzo zinakatwa. E373 yako inalia 48! Utakuwa umenunua kurudi nyuma. Na ukubwa wa faili nao si kipimo, kuna Pianoteq ya Wafaransa tangu 2006 haitumii rekodi kabisa, inakokotoa jinsi nyundo inavyogonga waya, ni ndogo mno ukiilinganisha na hizo piano za magigabaiti, na watu wanarekodi nayo.

Halafu kuna kitu hukuniuliza lakini nakishuku. Unatumia kebo gani kwenda kwenye mikseta? Tundu la hedfoni la E373 ni stirio, ukichomeka jeki ya gitaa ya mono unapata upande mmoja tu. Tafuta kebo ya Y, stirio kwenda mono mbili, ziingize kwenye chaneli mbili. Kama spika za kanisa ni mono, sikiliza zikiwa zote mbili kisha chomoa moja, kwa sababu piano iliyorekodiwa stirio ikichanganywa mono mawimbi yanakatana na sauti inasinyaa. Uache ile iliyoshiba. Anza na hilo kabla hujanunua chochote, huenda ugonjwa wote uko hapo.

Ukiona bado, basi moduli, ila ujue MIDI, ile lugha ya kuunganisha vinanda na moduli au kompyuta, haibebi sauti, inabeba taarifa tu, noti ipi imegongwa na kwa nguvu kiasi gani, kuanzia 1 mpaka 127. Kinanda chako hakina lile tundu la pini tano, kwa hiyo moduli za zamani hazitaungana nacho moja kwa moja, utahitaji kifaa cha katikati cha USB hosti. Ndiyo maana kwa mtu wa E373 mimi ningeanza na kompyuta mpakato yenye programu ya piano, USB moja kazi imeisha. Zima Local kwenye kinanda, yaani vibonye visilize sauti ya kinanda chenyewe, zisilie mara mbili. Na ukiona noti zote zinatoka kali au zote zimefifia, rekebisha velositi, ile nguvu ya kugonga, kwenye programu kwanza, maana vibonye vya springi havina uzito wa piano.

Na nyie wengine mnaosoma, wa Tanga, wa Bagamoyo, popote, msinunue sauti kwa kusikilizishwa demo. Muuzaji anachezesha demo yenye besi, ngoma na vayolini, piano imejificha humo huwezi kuijua. Nenda na kinanda chako mwenyewe, pedali na hedfoni, shika noti moja mpaka ife, piga noti moja moja kutoka chini hadi juu usikie zinaporuka rangi. Akikuzuia kujaribu, rudi na pesa yako nyumbani.