Maswali ya Wasomaji: Kulala Manang siku mbili

SWALI: Oktoba natarajia kuvuka Thorong La, njia ya juu milimani huko Nepal. Kiongozi anataka tulale kijiji cha Manang siku mbili. Kilimanjaro nilipanda bila hata kuumwa kichwa. Kuna haja?

JIBU: Ipo. Mwili uliozoea kimo cha milima husahau ndani ya wiki chache. Manang iko mita 3,540, Thorong La 5,416. Ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Siku hiyo ya mapumziko msijilaze: pandeni mita mia tatu au nne, kisha mrudi chini kulala.

Wengi huharibikiwa Thorong Phedi, kituo kilicho chini ya Thorong La, takriban mita 4,450. Badala ya kulala hapo, husogea hadi kambi ya juu, karibu 4,900, ili kufupisha safari ya alfajiri. Usiku huwa ni kichwa na kutapika. Bora kuondoka Phedi saa kumi alfajiri, kabla upepo haujachachamaa.

Asetazolamaidi, dawa ya kuzuia ugonjwa wa kimo: miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Mwenye mzio wa dawa za salfa aanze kwa daktari. Na anayepepesuka akitembea kisigino kwa kidole (kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine), huenda ubongo unavimba: ateremshwe saa ileile, hata kama ni usiku.