KANU ilikufa ingali madarakani

Wiki hii mmetuuliza wasomaji ni nani aliyeiua KANU, chama kilichotawala Kenya tangu uhuru hadi 2002: upinzani ulioungana, Rais mstaafu Mzee Moi kwa kumteua Uhuru Kenyatta kuwa mrithi wake, au uzee wa chama chenyewe. Nasema waliiua wajumbe wake, na waliiua kwa kupiga makofi.

Kifo hicho kilitangazwa mapema mno. Oktoba 1975 Martin Shikuku alisimama Bungeni akaonya kwamba kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU. Alipotakiwa athibitishe, Naibu Spika Jean-Marie Seroney akaamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji ushahidi. Siku chache baadaye wote wawili walikuwa kizuizini, na hawakutoka hadi 1978. Tukumbuke kwamba hao walikuwa wabunge wa KANU yenyewe. Waliyoyasema yalikuwa kweli: tangu mkutano wa Limuru wa 1966 hadi Mzee Kenyatta anafariki, chama hakikuwa kimewachagua upya viongozi wake wa kitaifa. Nchi iliendeshwa na wakuu wa wilaya na machifu. Matawi yalilala.

Mzee Moi aliyaamsha, lakini kwa kazi nyingine. Mwaka 1982 Kifungu cha 2A kikaingizwa kwenye Katiba, KANU ikawa chama pekee halali, na kuanzia hapo ukifukuzwa chamani umepoteza na kiti, kwa maana hukuwa na pengine pa kukimbilia. Vijana wa chama wakawa wanasimama kwenye masoko na vituo vya matatu wakidai kadi. Huna kadi, hupiti.

Kisha ukaja mlolongo wa 1988, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, kwa sababu kwangu ndipo chama kilipokata roho. Kwenye mchujo, wapiga kura walipanga foleni nyuma ya picha ya mgombea au wakala wake, mchana kweupe. Aliyevuka asilimia 70 ya foleni alihesabiwa amepita bila kupingwa, hata kura ya siri hakuiona. Wakenya wa rika langu wanajua yaliyofuata: foleni fupi zikatangazwa ndefu, na ushahidi ukatawanyika watu walipoenda nyumbani. Huwezi kuhesabu upya foleni.

Mama yangu alipanga mlolongo ule. Alikuwa mwanachama wa dhati, kadi yake ilikaa ndani ya kitambaa pamoja na kitambulisho na risiti za karo zetu. Aliniambia kwamba kilichomuumiza siku hiyo kilikuwa kugeuza shingo na kumwona baba mdogo, shemeji yake, kwenye foleni ya pili, hatua kumi hivi kutoka alipokuwa. Wakatazamana. Hakuna aliyemkosea mwenzake, lakini walikaa miaka bila kuketi meza moja. Chama kilichojiita baba na mama kiliwalazimisha ndugu waonyeshane migongo hadharani.

Baada ya hapo, aliyebaki ndani ya KANU alikuwa mtu aliyejifunza kutazama uso wa mwenyekiti kabla ya kufungua kinywa. Kenneth Matiba alipolalamika kuhusu uchaguzi wa chama kwao Murang'a mwaka 1988, aliishia kujiuzulu uwaziri na kufukuzwa chamani. Wenzake waliona, wakanyamaza.

Matunda yake yalionekana kwenye mkutano wa wajumbe wa chama pale Kasarani, Nairobi, Desemba 1991. Wafadhili walikuwa wamezuia misaada mwezi uliotangulia, na wajumbe waliitwa kujadili vyama vingi. Mmoja baada ya mwingine walipanda jukwaani kuvilaani. Halafu Moi akasimama akasema Kifungu cha 2A kitafutwa. Ukumbi uleule, watu walewale, wakakubali. Nikilikumbuka tukio hilo huwa nasikia uchungu hadi leo, maana chama chenye uhai kingeuliza japo swali moja: mbona hukutuambia asubuhi?

Najua mtanijibu kwamba maiti haishindi uchaguzi, na KANU ilishinda 1992 na 1997. Ilishinda, ndiyo, kwa takriban asilimia 36 na baadaye 40, huku wapinzani wakigawana zilizosalia. Ilibebwa na machifu, na redio ya taifa, na fedha zilizomwagwa hadi noti ya 500 ikabandikwa jina la Cyrus Jirongo, kiongozi wa vijana waliompigia Moi kampeni mwaka 1992. Serikali ndiyo iliyoshinda. Chama kilivaa koti lake.

Wakarudi Kasarani tena Machi 2002, siku ya kuungana na NDP, chama cha Raila Odinga. Orodha ya viongozi ilikuwa imepangwa, kazi ya wajumbe ikawa kuipitisha kwa sauti. Joseph Kamotho akapoteza ukatibu mkuu, nao ukaenda kwa Raila. George Saitoti, Makamu wa Rais, alitoka pale bila cheo chochote chamani. Miezi michache baadaye mrithi naye akatangazwa kwa mtindo huohuo. Safari hii mlango ulikuwa wazi: Raila, Saitoti, Kalonzo Musyoka na Kamotho wakatoka, na Oktoba 14 pale Uhuru Park Raila akasema Kibaki tosha, yaani Mwai Kibaki ndiye awe mgombea urais wa upinzani. Musalia Mudavadi alitoka akarudi, akapewa umakamu wa rais Novemba, na Desemba akapoteza hata kiti cha ubunge. Uhuru Kenyatta alipata takriban asilimia 31, Kibaki 62. Kwa haki, Mzee Moi alikabidhi madaraka kwa amani Desemba 30, akavumilia umati uliomrushia matope, na hilo nitamheshimu nalo daima.

Kwa hiyo simlaumu Uhuru, wala simpi Raila sifa zote. Mtu akizoea kuitikia kwa miaka 20, siku anayoona upenyo haanzi kubishana ndani. Anatoka. Ndiyo maana baada ya 2002 hapakuwa na wa kuijenga upya. Mwaka 2003 serikali mpya ikaichukua KICC, jumba la mikutano la Nairobi, makao makuu ya chama yakaenda nayo. Uhuru mwenyewe alihamia chama kingine, TNA, mwaka 2012. Na 2022 mwenyekiti, Gideon Moi, alishindwa useneta Baringo, nyumbani kwa Mzee.

Desemba 27, 2002, mama na baba mdogo waliondoka alfajiri kwenda kituoni pamoja. Mwaka huo kura zilihesabiwa palepale kituoni, nao wakasubiri hadi usiku. Kadi yake ya jogoo, alama ya KANU, mama aliiacha nyumbani, ndani ya kitambaa. Kila mmoja wao alimpa nani kura yake, hadi leo sijui.