Koti la Babu Halifuliwi

Kijana mmoja wa hapa Malindi ameniandikia. Babu yake amefariki, sanduku limefunguliwa, ndani wamekuta koti la jeshi la sufu, zito, limetoboka kwapani na lina madoa ambayo hakuna anayejua ni ya nini. Mama yake anataka lifuliwe kwa maji moto apewe mlinzi wa usiku. Anauliza afanyeje.

Usifue. Sasa tuzungumze.

Mimi ni mjukuu wa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Babu alitokea huku Magarini, akafikishwa Burma katika Vita vya Pili vya Dunia na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyobandika kichwa cha kifaru begani. Mwaka 1944 waliteremka Bonde la Kabaw mvua kubwa za huko zikinyesha, wakafika Kalewa mwezi wa Desemba. Kaki haikufaa msituni, wakavishwa kijani, na nguo zikapakwa dawa ya kufukuza utitiri, maana utitiri wa kule ulileta homa iliyoua watu bila risasi. Babu alisema shati lilikuwa halikauki mwilini, na ukivua buti, ngozi ya unyayo inatoka na soksi. Asubuhi bado unakaguliwa vifungo.

Koti lake ninalo mimi. Kifungo cha tatu hakikushonwa kwa uzi. Kimefungwa kwa waya mwembamba wa simu za jeshi, umezungushwa mara kadhaa na ncha yake kukunjwa kwa ndani isimchome. Mtu ana homa, amelowa, na bado anakumbuka kuikunja ile ncha. Medali zake mniwekee kando, nipeni kile kifungo.

Juzi nililipeleka kwenye hafla ya shule. Watoto walipanga foleni kukigusa. Na wale wakubwa waliokuwa wakinicheka kwamba nalea matambara, nao wakaomba wapigwe picha nalo. Nilifurahi, sifichi.

Suruali ya babu ndiyo sina. Ami yangu aliikata vipande ikawa ya kupigia deki. Nilimkuta anaisuuza kwenye ndoo, mfuko wa pajani ukiwa bado umeshonewa. Akaniambia, "Nguo ya Mzungu hiyo, ya nini?" Nguo ya Mzungu! Aliyeivaa alikuwa babake.

Basi, kijana, usifue, na usipige pasi. Hewa yetu ya bahari ina chumvi na unyevu, hivyo lianike kivulini siku ya upepo mkavu, kisha lifunge kwa marekani nyeupe, kile kitambaa cha pamba. Mfuko wa nailoni hapana, utafuga ukungu. Vifungo vya shaba usivisugue kwa dawa, itaingia kwenye kitambaa. Pekua mifuko kabla ya yote. Halafu mtafute mzee yeyote aliyemfahamu babu yako, mrekodi kwa simu akieleza, leo hii, usingoje matanga yake. Na usifue, narudia, kwa sababu najua kina mama wa Pwani na sabuni.

Nanyi mnaonunua suruali za madoadoa ya jeshi za mtumba mkapige picha gatini, sikilizeni. Kwanza sheria ya Kenya haimruhusu raia kuvaa sare ya jeshi, utalala ndani. Pili, ulizeni nyumbani. Mwaka 1914 Wagiriama walikataa kutoa vijana wao wakawe wapagazi wa vita vya Waingereza, na vijiji vikachomwa kwa ukaidi huo. Waliochukuliwa kwingineko kubeba mizigo walitembea miguu mitupu, funza wakiwala vidole, na wengi walizikwa njiani bila hata sare ya kuachia wajukuu. Mwenye babu aliyeacha koti, basi, asilitoe kwa mlinzi.

Mama akishikilia, niletee mimi nikutunzie. Kwa Ami usipeleke.