Ukaguzi wa faili wakati wa kufunguliwa: kwa nini seva hukwama

Ndugu muulizaji anasema kwamba seva yake ya Linux imeanza kuganda tangu alipowasha antivirusi ya kukagua kila faili inapofunguliwa, ilhali prosesa imetulia tu. Yalinipata hayohayo, na kwa maelezo yake nadhani tatizo ni foleni ya maombi yanayosubiri ruhusa ya antivirusi, si udhaifu wa mashine.

Antivirusi ya namna hii hutumia fanotify, huduma ya Linux inayotoa taarifa faili zinapofunguliwa. Huduma hiyo, iliyomo ndani ya kerneli (kiini cha Linux) tangu toleo la 2.6.37 la mwaka 2011, huisimamisha programu inayofungua faili mpaka kikaguzi, yaani programu ya antivirusi, kitoe ruhusa au kikatae. Faili inayokaguliwa yenyewe haina shida, kwa kuwa kerneli hukikabidhi kikaguzi ikiwa imekwisha kufunguliwa. Shida huletwa na faili za pembeni. Kwangu ilikuwa faili ya logi ya kikaguzi (kinamoandika matukio yake), iliyokaa katika diski ileile iliyokuwa ikilindwa: kuifungua kulizaa ombi jipya la ruhusa, ombi lilihitaji jibu la kikaguzi kilekile, nacho kilikuwa kimesimama kikisubiri logi ifunguke. Hata kuingia kwenye seva ili niizime antivirusi kulishindikana, maana huko nako lazima faili zifunguliwe! Kwa antivirusi ya ClamAV, kipengele cha mipangilio cha OnAccessExcludeUname, kinachotaja mtumiaji ambaye faili anazofungua hazikaguliwi, hukiondoa kikaguzi katika ukaguzi wake chenyewe, na ndiyo maana kinafaa kuendeshwa kwa jina la mtumiaji wa pekee.

Lakini foleni ikiisha, usidhani kwamba kila kinachosomwa kimekaguliwa. Programu moja yaweza kuwa imeishika faili kwa kuiandika, nyingine ikaifungua na kuruhusiwa kwa kuwa ni safi, kisha ile ya kwanza ikapenyeza kirusi kabla ya pili kuanza kusoma. Ukikagua kila usomaji, kasi huporomoka; na uandishi unaopitia mmap (njia ya kuitumia faili kana kwamba ni sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta), fanotify haiuripoti. Vilevile haioni mabadiliko yaliyofanywa na kompyuta nyingine kwenye diski ya mtandao, hivyo huko ni heri kukagua kwenye seva inayohifadhi faili.

Mimi nimebakiza ukaguzi huu katika folda zinazopokea faili kutoka nje tu, na diski nzima hukaguliwa usiku. Hebu tuwekee hapa mipangilio yako, hasa orodha ya folda zinazolindwa na jina la mtumiaji anayeendesha kikaguzi.