Klabu Yetu, Mwenyewe Hatumtaki: Wasomaji Wauliza, Tunajibu

SWALI: Tawi letu la mashabiki lina wanachama 60. Mwenye klabu hajawalipa wachezaji kwa miezi kadhaa, lakini ndiye anayetulipia gari tukienda mechi za ugenini. Nusu yetu wanataka tususie uwanja. Nusu wanasema akikasirika ataondoka na timu itakufa. Sasa hata salamu zimepungua. Tufanyeje? (Katibu wa tawi, Kondele, Kisumu)

JIBU: Katibu, anzeni na hilo gari. Maadamu nauli inatoka mfukoni mwake, hakuna kikao chenu kitakachokuwa huru. Atapelekewa habari za nani alisema nini, na safari ijayo majina fulani yatakosekana kwenye orodha. Watu 60 wakichanga shilingi 100 kila wiki, kwa wiki tatu mna 18,000. Ulizeni bei ya matatu ya watu 33 hadi uwanja wa Bukhungu, Kakamega, na kurudi, mtaona kama mchango unatosha au muongeze wiki moja. Fedha zikae kwenye akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, na kila upande uwe na mtu wake hapo. Zisikae kwenye simu ya mwenyekiti. Matawi mengi huvunjika kwa sababu ya hesabu kabla hata ya kufika kwenye mjadala wa mwenye klabu.

Pili, msiwaite wasaliti wale wanaoogopa. Hofu yao ina msingi, na watu wa Nyanza wanaujua vizuri. SoNy Sugar ya Awendo, timu ya kiwanda cha sukari, ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2006. Mwaka 2019 ilitimuliwa ligi kuu baada ya kushindwa kufika kwenye mechi tatu. Klabu inayotegemea mfuko mmoja huanguka mfuko huo ukikauka, hata mashabiki wakiwa wamejaa uwanjani.

Kwa hiyo kura isiwe "tunamtaka" au "hatumtaki". Kura ya namna hiyo itawagawa tu na haitamlipa mchezaji hata mmoja. Pigieni kura dai linaloweza kutimizwa: mishahara ya miezi fulani ilipwe kufikia tarehe fulani. Liandikeni kwenye ukurasa mmoja, mlipeleke ofisi ya klabu, na nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa. Wapeni siku 21. Kura iwe ya siri, karatasi zihesabiwe na watu wawili, mmoja wa kila upande, na kususia kupite tu kwa theluthi mbili.

Hata mkisusia, wekeni kikomo. Mwezi Februari 2016 mashabiki wa Liverpool walipinga tiketi ya pauni 77 kwa kuondoka uwanjani kwa maelfu dakika ya 77, timu yao ikiongoza 2–0 dhidi ya Sunderland. Mechi iliisha 2–2, na siku chache baadaye wamiliki waliifuta bei hiyo. Dai lilikuwa moja, tena lenye namba, na aliyebaki kwenye kiti hakufukuzwa ushabiki. Kususia kusiko na mwisho hufanya kinyume: wanachama hurudi uwanjani mmoja mmoja kwa kujificha, kisha wanaanza kuchukiana.

Kumbukeni pia hesabu ya mlangoni. Kiingilio kikiwa shilingi 200, nyinyi 60 mnamnyima 12,000 kwa mechi, na huenda posho ya wachezaji ingetoka humo humo. Kinachomuuma mwenye klabu zaidi ni mfadhili kuona viti vitupu na mabango. Bango litaje dai, lisitaje kabila wala mama yake mtu. Na mawe hapana kabisa! Shirikisho la soka huiadhibu klabu, si mwenye klabu.

Mkitaka kuandamana, Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mumjulishe mkuu wa kituo cha polisi kwa maandishi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla. Andikeni jina na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa na njia mtakayopita, na yote yafanyike kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni.

SWALI: Sisi wa Ingwe (AFC Leopards) tunawaondoaje viongozi tusiowataka? (Shabiki, Kakamega)

JIBU: Ndugu yetu, AFC Leopards, iliyoanzishwa 1964, ni klabu ya wanachama, kama Gor Mahia ya 1968. Haina tajiri wa kumsusia. Ina uchaguzi, na mashabiki wengi wa Uingereza wangetoa kitu kikubwa kuupata. Kasoro ni kwamba anayepiga ngoma ya isikuti uwanjani miaka ishirini bila kadi ya uanachama hana kura. Omba katiba ya klabu, lipa ada, tunza risiti, na hakikisha jina lako limo kwenye daftari kabla halijafungwa. Ukinyimwa, andikia Msajili wa Michezo. Sheria ya Michezo ya 2013 imeunda pia jopo la kusuluhisha migogoro ya aina hiyo.

SWALI: Sisi wa Manchester United hapa Nakuru tukiacha kununua jezi, akina Glazer, wenye klabu, wataumia? (Msomaji, Section 58)

JIBU: Pesa ya jezi ya kibandani haiwafikii tangu mwanzo, kwa hiyo hapana. Ila msigombane kama kwamba kuna njia moja tu. Mwaka 2005, Glazer aliponunua klabu kwa mikopo na deni likaingia kwenye vitabu vya klabu, baadhi ya mashabiki waliondoka wakaunda klabu yao, FC United of Manchester. Wengine walibaki Old Trafford, na mwaka 2010 wakavaa skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, jina la klabu ilipoanza 1878. Skafu ya rangi hizo mnaweza kuifuma wenyewe kwa nyuzi za Nakuru, na senti haimfikii mmiliki.